Kinu Kitupu cha Bibi Mokami

Nimerudi kutoka msibani na vumbi la ua ule bado limo kwenye pindo la gauni langu, sijalifua. Bibi Mokami amezikwa kando ya nyumba aliyokataa kuihama, upande wa mashariki, alikoonyesha mwenyewe kwa kidole akiwa bado na nguvu. Ghati ndiye aliyenipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, mama ametuacha. Njoo kabla hatujanyolewa," nami niliyewahi kuishi chini ya paa lao kwa mwaka mmoja nilielewa chanzo cha haraka ile. Katika ukoo ule wafiwa hunyolewa nywele siku msiba unapofungwa, na kati ya kifo na wembe huo mambo mengi hukatazwa. Mojawapo ni kutwanga. Kinu hakisikiki katika boma lenye marehemu. Mtu wa mbali ataona hilo ni jambo dogo, la heshima tu. Mimi niliposhuka kwenye bodaboda na kuukuta ua umejaa watu na kimya, kinu kimelazwa ubavu karibu na mlango wa jiko, kabla sijamsalimia mtu yeyote nilijikuta nimesimama nikisikiliza ardhi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikijitolea katika shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Nyamongo. Nilifundisha Uraia na Kiswahili kwa watoto ambao nyumbani walizungumza Kikurya, na niliamini kwa dhati kwamba haki ikielezwa kwa sauti na kwa mpangilio itatendeka. Mwalimu mkuu alinitafutia chumba kwa Bibi Mokami. Kilikuwa chumba cha kuhifadhia mtama: kuta za udongo zilizokandikwa vizuri, dirisha lenye ukubwa wa sinia, na harufu ya nafaka iliyobaki hata baada ya magunia kuhamishwa. Ukuta mmoja nilichangia na jiko, hivyo moshi na maneno yote ya jikoni yalinifikia bila kubisha hodi. Wiki ya kwanza, nikisahihisha madaftari baada ya vipindi vya mchana, nilisikia mlio mdogo, mkavu, wa chuma kupiga jiwe. Nilitoka nikauliza ni fundi gani anayejenga jirani. Ghati, aliyekuwa akichambua mgagani, aliangua kicheko mpaka akashika ubavu.

"Fundi wapo, Mwalimu, tena wengi. Ila hawajengi. Hebu vua kiatu."

Nilivua. Kupitia unyayo niliusikia mlio ule vizuri zaidi kuliko nilivyousikia kwa sikio.

Ghati alikuwa mke katika nyumba ile, na mwanzoni nilimtafuta mume. Hakuwapo. Bibi Mokami alikuwa mjane. Binti zake wote walikuwa wameolewa mbali, na hakuwahi kupata mtoto wa kiume. Wakurya wana njia yao kwa mwanamke wa namna hiyo, nao huiita nyumba ntobhu: mwanamke hutoa ng'ombe, akaoa msichana, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume atakayechaguliwa huwa wa nyumba yake, warithi wa shamba lake, kana kwamba wamezaliwa na mtoto wa kiume ambaye Mungu hakumpa. Ng'ombe aliowatoa Bibi Mokami walitokana na jembe lake mwenyewe, miaka mingi ya mtama, muhogo na wimbi. Ghati alimwita mama. Mwaka ule alikuwa mjamzito, na kijiji kizima kilikuwa kikimtazama tumbo. Akizaliwa mvulana katika nyumba ile, hakuna ambaye angethubutu kuligusa shamba. Lakini iwapo wanawake wale wangeihama nyumba na moto wa jiko ukazimika kabla mtoto hajazaliwa, ukoo ungesema nyumba imekufa, na ardhi ingerudi kwa shemeji yake, Mzee Matiko, aliyekaa ng'ambo ya ua wa minyaa.

Mzee Matiko alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kofia ya pama na sauti ya upole. Upande wake wa minyaa alikuwa amewaruhusu wachimbaji kuchimba shimo la dhahabu, ambalo wao huliita duara, naye kama mwenye shamba alipata gawio la viroba vya mawe. Mbele za watu alisema duara lake linaelekea barabarani. Chini ya ardhi, nyundo zilikuwa zinakuja kwetu. Asubuhi moja ya mwezi wa pili banda la kuku lilizama. Halikuanguka, lilizama, likabaki paa la bati limelingana na ardhi kama mfuniko wa sufuria, na kuku mmoja akilia ndani bila kuonekana. Bibi Mokami alisimama ukingoni akiwa ameshika kibuyu cha maziwa ya mgando, akatazama kwa muda, kisha akarudi jikoni kutupimia ugali. Tulianza kula. Nilikumbuka sheria zote nilizosomeshwa, nikamsihi twende ofisi ya kijiji.

"Tukienda, watakuja?" aliuliza.

"Watakuja, Bibi. Ni wajibu wao."

"Wataona nini?"

"Wataona hatari iliyopo."

"Wakiiona watasema nini?" Alimega tonge, akalizungusha kiganjani polepole. "Watasema hapa hapafai kukaa mtu. Watatuambia tutoke. Na huyo wa ng'ambo, kazi yake itakuwa imefanywa na serikali, yeye amekaa kwenye kiti. Kula, mwanangu, ugali unapoa."

Hata leo, ninapowafundisha wanafunzi wangu kwamba raia akidhulumiwa apeleke malalamiko, ninamwona akizungusha lile tonge.

Ulinzi wake aliutafuta kwingine. Miongoni mwa wachimbaji alikuwamo Masanja, Msukuma kutoka upande wa Geita, kijana mrefu aliyeinama hata alipokuwa nje, kwa mazoea ya kule ndani. Kila mchana alipita kwenye pengo la minyaa akiwa mweupe kwa vumbi la mawe, akaketi kwenye kizingiti cha jiko na kunywa uji wa wimbi. Nilikasirika siku ya kwanza kumwona. Nilimwuliza Bibi inakuwaje anamlisha mtu anayemchimbia kaburi. Masanja mwenyewe ndiye aliyejibu, akifuta mdomo kwa mkono.

"Mwalimu, mimi nisipochimba atachimba mwingine, na huyo mwingine hanywi uji hapa. Kule chini hatuna ramani. Giza ni giza. Unajua kitu gani kinatuonyesha nyumba hii iko wapi? Kinu. Bibi akitwanga, mwamba wote unaitikia. Duu! duu! Mbele ya duu hatupiti. Tumekubaliana."

"Mmekubaliana na nani?"

"Mimi na Bibi. Na wenzangu wa zamu nimewaambia: pale kinapolia, mkono wa kushoto, geuza."

"Wakikaidi?"

"Nyumba ikishuka, Mwalimu, inamshukia nani?"

Wakati mwingine, kwa utani, aligonga mwamba mara tatu kutoka kule chini baada ya Bibi kumaliza kutwanga, na Ghati alipiga kelele uani akimwita mura, yaani kijana, "Umeshiba, mura? Basi lala!" Tulicheka. Lakini nilianza kuona ni kwa nini Bibi Mokami alikihamisha kinu chake: leo kona hii ya nyumba, kesho ile, akiuzunguka ukuta wake taratibu kama mtu anayepanda ua wa miti. Kila alipotwanga aliacha mpaka usioonekana. Mzee Matiko alimtazama kutoka ng'ambo na kumhesabu kuwa bibi mzee asiyetulia.

Mvua za mwaka ule zilikata mapema. Mtama ulitoa masuke mepesi, na kufikia kiangazi tulikuwa tukinunua unga uliokwisha kusagwa mashineni, dagaa na chumvi. Hapakuwa na kitu cha kutwanga. Kinu hakikunyamaza. Nitaibeba hadi mwisho wa maisha yangu taswira ya mwanamke yule, kitenge amekifunga chini ya makwapa, akiinua mchi na kuushusha ndani ya kinu kitupu, asubuhi na mchana na jioni, akitokwa jasho kwa ajili ya chakula kisichokuwapo. Mlio wa kinu kitupu si kama wa kinu chenye nafaka. Ni mkali zaidi, unarudi mkononi na kupanda hadi kwenye meno. Ghati alipozidiwa na uzito wa tumbo nilipokea zamu yake baada ya shule. Wanawake waliopita kwenda kisimani walisimama, wakatazama ndani ya kinu, wakatazamana.

"Mwalimu, mnatwanga nini?" aliniuliza mmoja.

"Anatwanga upepo," Ghati alidakia akiwa amelala chini ya kivuli cha paa. "Upepo wa huku una makapi."

Mzee Matiko alikuja mara kwa mara nyakati hizo, naye alipokelewa kwa heshima zote, kiti na maji ya kunawa. Niliyasikia mazungumzo yao kupitia ukutani. Sauti yake haikupanda hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Shemeji, ukuta wako una ufa. Nimeuona nikiwa njiani."

"Nami nimeuona, shemeji."

"Huyu binti ana mzigo. Nyumba ikimwangukia, watu watasema sisi wanaume tulikuwa wapi. Nimekuandalia chumba pale kwangu. Njooni mpumzike tu."

"Na moto wangu nani ataukoka?"

"Moto ni moto tu, shemeji. Hata kwangu upo."

"Duara lako limefika wapi?"

"Halijavuka minyaa. Mwenyezi Mungu ni shahidi."

Alisema kweli juu ya ufa na uongo juu ya duara, kwa sauti ileile. Usiku huo nilipapasa ukuta wa chumba changu na ufa ulimeza ncha ya kidole.

Kisha kaka mkubwa wa Mzee Matiko na wa marehemu mume wa Bibi Mokami akafariki. Alikuwa mzee sana, aliyekaa Nyansurura na ng'ombe zake, na ilikuwa lazima aletwe azikwe penye makaburi ya baba zake, ndani ya boma la Mzee Matiko. Wafiwa walijaa pande zote mbili za minyaa, kwa sababu boma lile kimila lilikuwa moja. Jioni ya siku ya kuletwa maiti, Bibi Mokami alikilaza kinu chake ubavu, akaweka mchi juu yake, akaketi chini pamoja na wanawake wengine. Nilimfuata.

"Bibi, utaacha?"

"Ni msiba."

"Na wale wa chini?"

Alinitazama kwa macho makavu. "Mimi niko kwenye nyumba hii kwa mila. Ghati yuko hapa kwa mila. Nikiitupa mila mbele ya maiti ya shemeji yangu, kesho watasema huyu mwanamke si wa kwetu, na yule aliyemwoa si wa kwetu, na hicho kilicho tumboni ni cha nani? Nimemtuma mtu kwa Masanja. Anajua."

Masanja alijua. Lakini alfajiri ya siku ya pili baada ya maziko alikuja kutoa pole, akaniita pembeni, nami nikafahamu kwamba kujua kwake hakutoshi. Mwenye duara, tajiri aliyegharimia uchimbaji, alikuwa ameleta kikundi kipya, wageni watupu, wanaopokezana zamu na akina Masanja. Msiba haukuwahusu, wala Mzee Matiko hakuwasimamisha. "Niliwaambia wageuze watakapokisikia kinu," alisema. "Sasa siku zote hizi hawajasikia kitu. Wanasema nyumba tumekwisha iacha nyuma. Wanasonga mbele. Mwambie Bibi atwange, hata kidogo tu. Mimi narudi ndani niwazuie nikiweza."

Nilifikisha ujumbe. Bibi Mokami hakuinuka. Aliketi asubuhi ile yote amenyoosha miguu, mikono mapajani, akipokea pole za watu. Ghati alikuwa chumbani, ameanza kusikia maumivu yanayokuja na kuondoka. Mchana wazee wa ukoo walihamia uani kwetu, kwenye kivuli cha nyumba, wakaketi kwa safu na fimbo zao. Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekipangia. Boma lenye watu wengi kiasi kile lilikuwa kimya kabisa. Hapakuwa na kinu, jembe wala redio. Na katika kimya kile, mlio mdogo, mkavu, ulianza kupanda. Niliona mzee mmoja akiinua mguu wake na kuutazama wayo. Mbele yetu palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa. Uso wa maji ulikuwa ukikunjamana viduara vidogo vidogo, vikianzia katikati. Kutoka kwenye ufa wa ukuta, udongo laini ulimwagika kama unga, bila sauti.

Bibi Mokami alisimama. Alinipa kitambaa chake cha kichwani, akakisimamisha kinu mbele ya mlango wa chumba alimolala Ghati, akauinua mchi.

Mlio wa kwanza uliwafanya wanawake wapige yowe. Wa pili uliwainua wanaume. Mzee Matiko alikuja mbio kutoka ng'ambo, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. "Shemeji! Umerukwa na akili? Kaka yangu hata hajapoa ardhini! Mnyang'anyeni huo mchi!" Hakuna aliyemkaribia. Bibi alitwanga mara tatu, akasimama. Akatwanga tena tatu, akasimama, mchi umeegemea bega, uso ameuelekeza chini. Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia nzi kwenye ndoo. Halafu, chini ya miguu ya ukoo mzima, chini ya viti vya wazee na mikeka ya wafiwa, mwamba uligongwa. Mara tatu.

Mzee aliyetutangulia wote kwa umri, aliyekuwa ameutazama wayo wake, aliuliza polepole, "Nani huyo anayegonga?"

Mzee Matiko aliigeuza kofia mikononi. Sauti ya Ghati ndiyo iliyotoka chumbani, imebanwa na uchungu lakini bado ni sauti yake. "Ni wapangaji wa baba mdogo Matiko. Wamekuja kutoa pole."

Hakuna aliyecheka. Wazee waliitisha ritongo, kikao chao cha mila, palepale kwenye vumbi. Walimwamuru Mzee Matiko awarudishe watu wake ng'ambo ya minyaa na kuziba njia waliyokwisha kuichimba. Kisha wakamgeukia Bibi Mokami, wakamtoza mbuzi kwa kuuvunja msiba. Nilitaka kusimama niulize anatozwaje mtu aliyeokoa roho zao zote. Nadhani nilikwisha kufungua mdomo. Bibi alinishika kifundo cha mguu kutoka alipoketi, akanibana kwa nguvu. Jioni, alipokuwa akimchagua mbuzi mwenyewe zizini, tena aliyenona, alinieleza. "Mwalimu, umeshaona mgeni akitozwa faini ya msiba? Wewe ungetwanga, wangekuambia tu uache. Mimi wamenitoza." Alimshika mbuzi masikio, na alikuwa karibu kutabasamu. "Wameitaja nyumba yangu mbele ya watu."

Mtoto alizaliwa kabla wafiwa hawajanyolewa. Alikuwa wa kike. Mzee Matiko alileta pole badala ya hongera. Bibi Mokami alimpokea mtoto, akamfunua, akamtazama viganja, akasema, "Ana mikono ya mchi," na siku msiba ulipofungwa akaendelea kutwanga.

Niliondoka mwisho wa mwaka. Nilisikia mengine kwa simu: kwamba njia iliyoamriwa kuzibwa iliwekewa magogo mlangoni tu; kwamba Masanja alikwenda kutafuta bahati kwingine; kwamba umiliki wa duara ulipita mikono mingi; kwamba Ghati hakupata mtoto mwingine. Na juzi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka ule ule, kati ya wafiwa wa Bibi Mokami, nikiyahisi mapigo ya nyundo yakipanda kwenye mifupa yangu kama vile sikuwahi kuondoka. Wazee walikuwa wakizungumza. Mzee Matiko, sasa anayetembea kwa fimbo mbili, alikuwa ameuliza kwa sauti yake ya upole iwapo, baada ya wembe, bado kuna mtu wa kuitwa mwenye nyumba hii, maana marehemu hakuacha mtoto wa kiume, na huyu aliyemwoa naye hakuleta. Kila mtu alikuwa akitazama chini. Ghati aliketi kwenye kizingiti cha jiko na binti yake, sasa wa umri wa shule, amemlalia mapajani. Alimsogeza mtoto, akainuka, akafunga kitenge chini ya makwapa. Akakisimamisha kinu.

Alitwanga mara tatu. Yowe lilipanda na kufa. Mzee wa ukoo anayeongoza sasa alimtazama muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo mila ilimlazimisha kuyasema kwa mtu wa nyumba na si kwa mtu mwingine yeyote.

"Ghati, umeuvunja msiba. Mbuzi wa faini atatoka wapi?"

"Yuko pale kwenye minyaa, baba," alijibu, akihema. "Nimemfunga tangu asubuhi."

Watu wote waligeuka. Mbuzi alikuwapo, mweupe, amenona, akitafuna jani. Niliona mabega ya Mzee Matiko yakishuka. Mzee wa ukoo aliugonga udongo kwa fimbo yake, mara moja.

"Apokelewe," alisema.

Sote tulingoja ardhi ijibu. Hapakuwa na mtu kule chini anayeijua sauti ile. Nyundo ziliendelea, hazikupunguza wala hazikuharakisha, karibu zaidi kuliko nilivyowahi kuzisikia. Ghati alitema mate viganjani, akauinua mchi tena.